Nani Atazungusha Mota

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua ya barafu tangu asubuhi. Nimezungusha mota zote za upande wa pampu, robo mzunguko kila moja, alama ya chaki itoke juu ije ubavuni. Mgongo umelalamika. Acha ulalamike.

Kiwanda kizima cha karatasi cha Val-Cadieux, na binadamu ni wawili: mimi ndani, mzee Odilon getini. Tangu kifungwe mwezi wa tatu kazi yangu ni kuhakikisha mota hazifi zikiwa zimelala. Zikikaa bila kugeuzwa, uzito wote unalalia pale pale na beringi zinabonyea. Hita zao zikizimika, unyevu unaingia kwenye koili. Basi nageuza, nagusa, napima, natia grisi. Naongea nazo pia, sina haya. Nani atanisikia?

Rosalie ndiye kazi. Mota ya kinu cha kusagia mbao, kubwa kama kile kibanda chetu cha kuvulia samaki juu ya barafu. Walimpa jina kabla sijaajiriwa. Huyo mkono haumwezi, namgeuza kwa mtaimbo, naning'inia miguu hewani. Leo aligoma. Nikamtukana, akageuka. Ndivyo alivyo.

Wakati wa kutoka Odilon kanifungulia geti: "Haya, bibi mota, watoto hawajambo?" Nikamwambia wamelala. "Na yule mkubwa?" Kanuna. Akacheka hadi akapaliwa na kikohozi. Hayo ndiyo maongezi yangu ya siku nzima.

Nyumba baridi. Upande wa kitanda wa mume wangu, Rhéal, nimejaza nguo ambazo sijazikunja, nisione pale palivyo patupu. Yuko British Columbia, mbali magharibi, kiwanda cha mbao, tangu Juni; kazi yake hapa ilikufa na kiwanda. Alinisihi twende wote — kule mafundi umeme wanatafutwa kama dawa, alisema. Nikamuuliza, nani atazungusha mota? Akaenda kupakia pikapu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Patenaude kapiga simu! Bosi mwenyewe, kutoka Montreal, siyo karani wake. Anasema kuna watu wanakuja kuangalia hali ya mota. Anataka kila moja ifunguliwe, isafishwe, itiwe grisi mpya, ipimwe. Nikauliza, zote? Zote. Rosalie kwanza.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka yangu yote katika kazi hii mota haipimwi bure. Inapimwa kwa sababu itawashwa. Na Rosalie kwanza! Bila Rosalie hakuna mbao iliyosagwa, bila mbao iliyosagwa hakuna karatasi. Mtu asiyetaka karatasi amtakie nini Rosalie?

Wanafungua. Wanafungua!

Nikatoka mbio mpaka getini bila koti. Odilon akasimama: "Nani kafa?" Nikamwambia. Akauliza kama Patenaude katamka hivyo kwa kinywa chake. Nikasema katamka Rosalie kwanza. Mzee akavua kofia, akaishika mikononi. Kaingia kiwanda hiki akiwa kijana, kila kitu kakiona. "Kama ni Rosalie kwanza," akasema, "basi ni kweli." Tukakumbatiana pale kibandani kama wehu, chai ikamwagika.

Jioni sikungoja Jumapili, siku yetu ya simu. Rhéal alishtuka: "Kuna nini, nyumba imeungua?" Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Halafu na yeye akatoa lake: wamempa kazi ya kudumu. Ya kudumu, pamoja na nyumba ndogo ya kampuni. Jibu wanalitaka Ijumaa ya wiki ijayo. Alitaka kuniambia Jumapili, ili nifikirie.

"Una hakika, Lucette?"

Nikasema ndiyo. Wanafungua. Sikusema labda.

"Basi nitawakatalia," akasema. Na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani, ya mtu anayevua buti mlangoni. Nimelia kidogo baada ya kukata simu. Ya furaha, lakini ni kulia tu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani. Mtaani kwetu taa zinawaka nyumba tatu. Kwa akina Lebrun madirisha yamepigwa mbao. Wanaume waliobaki wako porini wanawinda, na wake zao wamekwenda kwa dada zao.

Ningeweza kubaki nyumbani. Nikaenda kazini. Fleurette, mke wa Odilon, kanitumia sahani: bata mzinga, viazi, na kipande cha pai ya maboga kilichozama kwenye mchuzi. Odilon kaileta mwenyewe mpaka mlango wa kinu, hajaingia humo tangu kufungwe. Akatazama huku na huku. Akasema kumbe kimya nacho kina harufu. Akarudi zake haraka.

Nikala chakula hicho kwa Rosalie, nimemwegemea. Hita zake ndizo joto pekee humo ndani. Nilikula taratibu ili kiishe polepole. Nilijisikia mpweke sana, na nikajisikia mjinga, kwa sababu mambo yanakwenda vizuri.

Jumatano, 14 Oktoba

Balaa. Nimempima Rosalie, namba inayoonyesha ukavu wa koili imeanguka. Nikadhani mita inanidanganya. Nikapima tena. Imeanguka vilevile. Unyevu!

Nimemfungua. Hita moja imekufa, tena siku nyingi, nami nilikuwa nagusa ubavu wa pili wenye joto na kujipongeza. Ndani yake panya kajenga kiota cha karatasi, si haba, karatasi yetu wenyewe. Koili za chini zimelowa jasho.

Kazi hasa, basi! Kufuli langu kwenye swichi kwanza, mtu asiwashe umeme mikono yangu ikiwa ndani. Zamani kabla ya kumfungua Rosalie makufuli yalibanana pale, kila fundi na lake, mpaka tunagombania tundu. Leo langu peke yake, linabembea. Nimefyonza vumbi, nimefuta kwa kitambaa kikavu mpaka vidole vimekufa ganzi. Nimeng'oa hita kutoka mota ya akiba nikamfungia. Nimemtundikia taa kubwa za zamani chini ya tumbo, nikamfunika turubai lote. Anafanana na bibi aliyejifukiza kwa mafua.

Nikipima kesho na namba haijapanda, sijui. Wale watu watakuja, watatikisa kichwa, wataondoka. Na Rhéal anawakatalia kazi keshokutwa, kwa neno langu.

Ijumaa, 16 Oktoba

IMEPANDA! Jana kidogo, leo sana. Rosalie mkavu kama unga. Nimembusu kwenye kibati chake cha jina, midomo imeonja grisi.

Rhéal kapiga. Kawakatalia. Siku yake ya mwisho Alhamisi ijayo. Msimamizi alimwambia: wewe mtu una wazimu, nyumba kama hii hupewi mara mbili. Mahali pale wamempa Mfilipino mmoja kijana mwenye watoto wawili, ataingia Jumatatu ya baadaye. Rhéal anasema amefurahi kwa ajili ya yule kijana. Anasema pia nimpikie supu ya njegere na mfupa wa nyama, siyo ile ya kopo. "Ya kopo nimekula mpaka naota kopo."

Jumapili, 18 Oktoba

Nimekunja nguo zote. Nimefagia chini ya kitanda. Kanisani tulikuwa wachache mno hata kuimba kulikuwa aibu, lakini mimi niliimba.

Jumanne, 20 Oktoba

Nataka kuandika kwa mpangilio. Mkono hautaki.

Amekuja mtu mmoja tu. Mwanamke! Bi Hutchings, kutoka kusini, pikapu imejaa vyombo, nywele fupi za mvi, kucha nyeusi kama zangu. Kaja na boksi la donati. Odilon alinipigia kutoka getini: "Mwenzako kaja, na yeye kachafuka."

Sijui niseme nini — ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu Machi. Anazijua mota. Tuliziwasha zile ndogo moja moja, tukaegesha fimbo ya chuma kwenye beringi na ncha nyingine sikioni, tukipokezana. Ananiuliza nasikia nini, namwambia, anaitikia kwa kichwa, na yeye kasikia hivyo hivyo. Akafungua nati ya chini ya feni akatazama grisi niliyotia, akainusa! Nikacheka, kwa maana hata mimi nanusa. Akasema kazunguka viwanda vilivyofungwa nchi nzima, vyote ni kutu na maji, mota zimeganda kama mawe, hajaona mahali palipotunzwa hivi. "Nani anakusaidia?" Nikasema hakuna. Akanitazama muda mrefu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Tukala donati tumekaa kwenye ngazi. Mumewe alifariki. Tuliongea kama mtu na dada yake.

Rosalie tulimgeuza pamoja, mimi kwenye mtaimbo, yeye kiganja juu ya beringi. Akampima. Akaipiga picha ile namba. Akasema, mtamu huyu. Halafu akatoa utepe wa kupimia, nikadhani anapima msingi. Akatembea mpaka mlango mkubwa wa kaskazini. Akapima mlango.

Nikauliza, mlango wa nini?

Akasema, anaangalia kama Rosalie atapita bila kubomoa ukuta.

Nilikuwa na donati mkononi. Nikamuuliza apite aende wapi. Na yeye akageuka, nikaona usoni kwake kwamba alikuwa hajui kuwa mimi sijui. Akasema polepole: Chile, huyu Rosalie. Nyingine Texas. Kampuni yao inanunua mota zilizotumika, inauza. Kiwanda chenyewe hakina mnunuzi. Majengo yatavunjwa wakati wa kiangazi.

"Hawakukuambia?" akauliza. Nikajitia hamnazo. Nikasema wameniambia, nilisahau tu.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimempigia Patenaude. Hakukasirika, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema, Lucette, mimi nilisema watu wanakuja kuangalia mota, sikusema kingine. Ni kweli. Hakusema. Mengine nilisema mimi.

Akasema nisione vibaya, bila mimi wasingepata mnunuzi hata wa mota moja. Kiwanda chao kingine huko Quebec hakikuwa na mtu wa kuzungusha, kila kitu kimeuzwa kwa kilo, chuma chakavu. Hapa wamepata bei nzuri. Kwa sababu yangu! Akanishukuru. Miezi yote hii naning'inia kwenye mtaimbo nikidhani nakiweka kiwanda hai, kumbe naiweka bidhaa safi.

Nikaenda kumwambia Odilon. Alikaa. Halafu akauliza: "Rhéal anajua?"

Nikasema nitamwambia leo jioni.

Jioni Rhéal kapokea, kelele nyuma yake, wenzake wanamuaga, mtu anapiga gitaa vibaya. Akapaza sauti: "Jamani nyamazeni, ni mke wangu, yule wa mota!" Wote wakanisalimia kwa pamoja, watu nisiowajua, Lucetteee! Nikasema nitapiga kesho. Akasema, sema sasa. Nikasema hakuna, nilitaka kusikia sauti yako tu.

Alhamisi, 22 Oktoba

Bi Hutchings anataka vipimo vya mwisho kesho mchana, nimsomee kwa simu. Rosalie akiwa chini ya namba yao, hawamchukui. Wasipomchukua Rosalie biashara yote haiwalipi nauli ya kreni. Kasema mwenyewe, bila kuficha.

Odilon aliyatoa nje yaliyokuwa moyoni mwangu: "Mzimie hita. Hali ya hewa hii, kesho amelowa. Nani atajua?" Nikamwambia acha upumbavu, mzee. Akasema, "Mimi ni mpumbavu, lakini geti ni langu. Wasipomchukua, kiwanda kimepata siku nyingine."

Saa ya kutoka nimezizima hita. Zote za Rosalie, na taa pia. Nimemvua turubai.

Rhéal anaondoka kesho alfajiri. Kama ningempigia sasa, labda yule Mfilipino hajasaini. Labda. Nimekaa na simu mapajani mpaka supu ikagandia chini ya sufuria. Sikupiga.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Siyo ulimi mzito. Ni kwamba nikimwambia atageuka. Sitaki ageuke. Nataka aje. Hata kama kuja kwenyewe ni bure, nataka afike, avue buti pale mlangoni, nimwone.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nilifika mapema kuliko kawaida. Nikaweka kiganja kwa Rosalie. Baridi kabisa. Nikapima: namba inashuka, bado juu ya namba yao lakini inashuka. Saa chache tu zingetosha.

Nikasimama pale. Nikajiambia, ondoka, Lucette, nenda kanywe chai kwa Odilon. Sikuweza. Nikawasha hita. Nikawasha na taa. Siyo kwa ajili ya Patenaude, na aende zake huko. Wala sijui kwa ajili ya nini. Mota haina kosa. Nikachukua mtaimbo nikamgeuza robo mzunguko, ingawa ratiba yake ni Jumatatu.

Mchana nikamsomea Bi Hutchings namba, ya kweli. Akasema asante. Kisha akasema pole vilevile. Malori Jumanne, kabla barabara haijajaa theluji.

Odilon sikumwambia kitu. Aliniangalia usoni wakati wa kutoka, akafungua geti. Hakuniita bibi mota.

Rhéal kapiga kutoka Edmonton. Kala mayai na viazi kwenye hoteli ya madereva. Tairi moja linamtia wasiwasi. Anauliza wanaanza kuajiri lini, awapigie akina Lebrun warudi? Nikasema angoje kwanza, asimpigie mtu. Hilo angalau nililisema.

Jumamosi, 24 Oktoba

Kapiga akiwa ng'ambo ya Regina. Upepo unamsukuma barabarani. Amefurahi kiasi kwamba nilishindwa kusikiliza. Anapanga: tutatengeneza paa la baraza, tutamwomba msimamizi tupangwe zamu moja, mimi na yeye, tusiwe tena tunapishana jikoni kama wapangaji. "Umenyamaza, bibi we." Nikasema nimechoka. "Mota zako zinakuua," akasema kwa utani.

Nilikuwa na nafasi tele pale.

Jumapili, 25 Oktoba

Kanisani sikuimba. Fleurette kanishika mkono nje, akaniambia waziwazi: unamfanyia vibaya mumeo. Anajua kila kitu, Odilon hana siri kwake. Nikamjibu ni mume wangu, siyo wako. Sijawahi kumjibu Fleurette hivyo, na sahani yake bado iko kwangu. Nimerudi nyumbani na hasira, na hasira ikaisha, nikabaki na aibu.

Nimeloweka njegere.

Rhéal: Kenora. Theluji imeanza. Anaendesha polepole. Labda Jumanne jioni.

Jumatatu, 26 Oktoba

Siku nzima nafungua kebo. Kila mota nimezima, nimefunga kufuli, nimepima kama kweli haina umeme, nimefungua boksi, nimefungua nyaya, nimezifunga ncha kwa utepe na kuziandika, hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, kama vile kuna atakayezirudisha. Mazoea. Bi Hutchings alisema kata tu. Siwezi kukata.

Hita za Rosalie nilizibakiza za mwisho. Nikazizima saa ya kutoka.

Rhéal kapiga kutoka Thunder Bay, anakoroma nusu. Nimeamua. Nitamwambia akiwa mezani, akishakula. Siyo kwenye simu, mtu yuko barabarani kwenye theluji. Hiyo ni sababu nzuri. Ningetamani ingekuwa ndiyo sababu yenyewe.

Nitasema: sikudanganya, niliamini. Nitasema: Jumanne ya wiki iliyopita nilijua. Atahesabu. Rhéal ni mwepesi wa kuhesabu. Atajua nilikuwa na siku mbili nzima yeye akiwa bado kule, nyumba ndogo bado haijaingiwa na mtu.

Jumanne, 27 Oktoba

Nimo karakanani. Naandika kwenye benchi huku wanamfunga Rosalie minyororo. Wamenitoa nje ya kinu, nimevaa kofia yao, siruhusiwi kukaribia mpaka anyanyuke. Watu sita, vijana wazuri, wana haraka. Matrela matatu. La kwanza lilikuja na vyuma vya kreni, mengine mawili yamebeba magogo na vyuma vya kuegemezea mzigo, yamesimama getini yanangoja zamu.

Mlango wa kaskazini umefunguliwa wote. Theluji inaingia mpaka kwenye msingi wake. Sijawahi kuona mwanga mwingi hivi humu.

Bi Hutchings kanipa namba ya simu yake. Anasema kule kusini wanahitaji mtu wa kukagua, kazi ya kusafiri. Nimeitia mfukoni bila kuitazama.

Supu iko jikoni, moto mdogo. Kasema jioni. Bado mchana.

Minyororo imekaza. Nasikia kreni inalia. Nilikwenda mlangoni nikaona amenyanyuka kidogo tu, upana wa kiganja, na chini yake saruji ni safi, ya rangi nyingine. Nimerudi kukaa.

Simu ya getini imelia sasa hivi.

Odilon. Rhéal yuko pale. Kaendesha bila kulala, alitaka kunishtukiza. Pikapu yake imebanwa nyuma ya trela la tatu, haiendi mbele wala nyuma. "Kashuka, Lucette. Anawapa mikono madereva, mmoja mmoja. Anawaambia karibuni Val-Cadieux. Kaona magogo na vyuma, anasema kumbe vitu vinaingia leo leo. Kanikumbatia! Anasema nimfungulie mlango mdogo wa waendao kwa miguu, aje akusaidie kupokea."

Nikasema, umemwambia nini?

"Nimwambie nini mimi? Nimemwambia angoje. Kaingia garini anapiga honi, anasema utaisikia utatoka."

Nikamwambia Odilon asiseme neno. Nikamwambia amfungulie. Halafu nikamwambia hapana, asimfungulie, naja mwenyewe.

Naisikia. Bado anapiga.